Thumuni ya Pamba

Baba alipofariki, masika moja ya miaka ya tisini, mama alikaa eda chumbani mwake ghorofani, miezi minne na siku kumi. Nyumba yetu ya Mji wa Kale ilikuwa ya mawe na boriti, na chumba kile kilikuwa na dirisha la roshani, kama kisanduku cha mbao kilichotokeza juu ya kichochoro. Humo ndimo mama alimotandika mkeka wake. Jua la asubuhi lilipenya kwenye vitundu vya mbao likamwagika vipande vipande juu ya nguo zake nyeupe, naye akitembeza tasbihi, haonekani na mtu, awasikia wote wapitao. Nikifumba macho hata leo, naona saa zile hazikuwa na haraka ya kwenda popote.

Kisha upepo wa kusi ukaanza. Manyunyu na baridi vikaingia kwenye nyufa, kuvu nyeusi ikatambaa pembeni, na kifua cha mama kikabana. Dada yangu akataka dirisha lipigwe mbao, mama ahamie chumba cha nyuma.

"Mukinifungia dirisha hili," mama akasema, "basi mumenizika pamoja na baba yenu."

Nikaomba siku chache. Mimi kazi yangu ilikuwa kusomesha watoto dini chuoni. Mikono yangu ilizoea kalamu. Nilipiga saruji pembeni, nikafunika mbao kwa nailoni, nikamshukuru Mungu mapema mno. Baada ya wiki moja ukuta ulitoka jasho mpaka mkeka ukalowa, na kikohozi kikazidi.

Mtaa wa Bondeni nikampata mzee mmoja, fundi wa kukalafati vyombo vya baharini, yaani kuziba nyufa za mbao kwa pamba na mafuta. Lakini hakukuwa na njia ya kufika dirishani ila kupita chumbani, na mama hakutaka mwanamume wa kando apite alipokaa eda. Basi fundi akasimama kichochoroni, mimi juu, tukafanya kazi kwa kupaziana sauti.

"Bandua saruji yote, maalim! Nyumba ya chokaa yapumua. Umeivika koti la mvua, jasho lake litoke wapi?"

Nikabandua, na nailoni nikaitoa. Nikaosha kuvu kwa siki, nikaacha mawe yakauke siku nne za jua, kisha nikapaka chokaa. Zikabaki nyufa.

"Mafuta twatumia ya papa!" fundi akaita.

"Mwambie," mama akasema nyuma yangu, "eda imenikataza manukato, haikunilazimisha uvundo."

Kicheko kikapanda kutoka chini. "Basi ya nazi, bi mkubwa! Na pamba iwe kuukuu, iliyolaliwa."

Mama akanyoosha kidole kitandani, kwenye mto wa baba. Nikasita.

"Mama, huo ni mirathi. Bado hatujagawa."

Akanitazama. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu msiba, akacheka mpaka akakohoa. "Subhanallah, kumbe nimezaa kadhi! Haya, nipe thumuni yangu. Mjane ana moja ya nane, au huko chuoni hamusomeshi?"

Nikawaendea ndugu zangu mmoja mmoja. Kila mmoja aliliacha fungu lake, na dada, yule aliyetaka dirisha lifungwe, akaja mwenyewe kuufumua mto. Tukakaa watatu sakafuni tukisokota pamba. Harufu ya baba ilitoka humo kidogo kidogo, nyembamba, na hakuna aliyeitaja. Mikono ilikwenda kama ya watu walio usingizini.

Nikaichovya pamba katika mafuta ya nazi, nikaisukuma nyufani kwa patasi butu, nikigonga polepole, na fundi chini akisikiliza.

"Hapo bado! Mlio wake ni wa tundu. Gonga tena... Naam. Hapo pamenyamaza."

Mvua ilikuja siku ya pili, baada ya adhuhuri, ikiupiga upande ule wote. Fundi alisimama chini ya kipaa cha jirani, kofia imelowa, akingoja neno. Mama alipitisha kiganja kwenye kila kiungo cha mbao, kutoka juu mpaka chini, kisha kwenye chokaa.

"Pakavu," akasema, akavuta mkeka wake. "Shuka ukampe fundi chai."

Alhamdulillahi, kikohozi kilimwacha kabla ya mwezi kwisha. Siku ya kutoka eda wanawake walijaa nyumbani, wakimngoja. Alichelewa. Nilipopanda kumwita nilimkuta pale pale dirishani, vipande vya jua vikimtembea mabegani.

"Waambie naja," akasema. "Niache kidogo, mwanangu."