Kaba la Kanzu Juu ya Kioo

Wifi yangu Mwaija haamini kipimo mpaka kitambaa kilale juu yake. Akinunua pazia analipeleka kwanza dirishani, ndipo anauliza lina mita ngapi. Akinunua mkeka anautandika na kuukalia. Kwa hiyo siku tuliyokwenda mjini kutafuta kioo kipya cha kompyuta, alitia mkobani kaba kuukuu la kanzu, lile pambo la shingoni linaloshuka mpaka kifuani, akalikunja ndani ya leso safi.

"Hilo la nini?" shemeji Yahaya, mume wake, akamuuliza.

"Huyu ni mteja. Naye ana haki ya kuchagua."

Mimi nimeolewa na mdogo wake Mwaija, Nurdin, na tunaishi uwanja mmoja pale Pasiansi. Asubuhi nikishamaliza kumwogesha mwanangu Bushra huwa nahamia chumba cha kazi cha wifi, namsaidia kukata nyuzi zinazoning'inia. Hivyo kazi yake naijua kwa kuiangalia. Mwaija ni mdarizi. Anachora ua kwenye kompyuta, analitia kwenye flashi, flashi anaichomeka kwenye cherehani, halafu cherehani inashona yenyewe huku yeye amekunja mikono kama mtu anayesubiri uji uive. Nikimwangalia nacheka, maana ndiye mtu asiyeweza kukaa bila kushika kitu.

Lakini saizi hakuwa anaichukua kwenye kompyuta. Alikuwa anachukua kaba la mteja na kulibandika juu ya kioo kwa viganja viwili, kisha ananiambia, "Mama Bushra, sogeza hapo, kuza kidogo, rudisha, hapohapo." Picha ikilingana na kitambaa, basi imekubali. Amefanya hivyo miaka na miaka na mbele ya macho yangu hajawahi kukosea.

Kile kioo cha zamani kilikuwa kidogo, cha inchi kumi na saba, na kona yake moja ilikuwa na doa jeusi kama wino uliomwagika. Doa likawa linatembea. Kila mwezi linakula ua jingine. Shemeji Yahaya naye alikuwa na malalamiko yake. Yeye anaendesha lori la saruji kwenda Geita, na tangu daraja la Kigongo na Busisi lifunguliwe anarudi nyumbani mapema kuliko zamani za foleni ya kivuko. Akirudi anaoga, anakula, anakaa kwenye kompyuta hiyohiyo kucheza gemu ya mashindano ya magari.

"Kutwa nzima uko kwenye usukani, unarudi kukamata mwingine," mkewe anamwambia.

"Ule wa mchana una mizigo. Huu hauna."

Alisema gari likipiga kona kwa kasi, picha inaburuzika, haoni ukingo wa barabara. Alitaka kioo kikubwa, chenye kasi. Mwaija alitaka kioo kisicho na doa. Meza ni moja, kompyuta ni moja, na kioo kingekuwa kimoja, cha kuwatosha wote wawili. Nami, na Bushra mikononi, nikaambiwa nifuatane nao kwa kuwa sina upande.

Duka lenyewe liko mjini, si mbali na Makoroboi. Muuzaji anaitwa Revocatus, kijana mrefu mwenye sauti ya chini. Shemeji hakupita kushoto wala kulia, alikwenda moja kwa moja kwenye monita pana iliyopinda kama kipande cha mtungi, akavuta kiti, akakaa.

"Hii, kaka, unakuwa umo ndani ya gari kabisa," Revocatus akasema, akamwashia gemu. "Mia na sitini na tano hiyo."

"Mia na sitini na tano ya nini?" Mwaija akauliza.

"Kwa sekunde moja kioo kinabadilisha picha mara mia na sitini na tano, dada. Hizi nyingi za kawaida ni mara sitini."

Nikamwona Mwaija anafikiri kwa vidole, anavyofanya akihesabu mishono. "Cherehani yangu nayo wananiambia inapiga mishono mingi kwa dakika," akasema. "Lakini ile nakuta uzi umebaki. Hizi picha zikishapita nazionea wapi?"

Revocatus hakumcheka. Alimshika mkono kwa adabu, akauweka juu ya mausi, akaomba radhi kwa shemeji kwa macho, akamwambia auzungushe ule mshale wa kwenye kioo haraka haraka kama anakoroga chai. Kwanza kwenye monita ya kawaida. Mshale ukaacha alama zilizoachana, moja hapa, moja kule, kama nyayo za kuku uani. Kisha kwenye ile ya kasi. Alama zikawa zimesongamana, karibu kushikana.

"Mama Bushra, hebu na wewe," Mwaija akaniambia.

Nikampakata Bushra vizuri, nikazungusha. Kweli. Nikarudi kwenye ya kawaida, nikazungusha tena. Nilikuwa sijawahi kujua kwamba kioo kinaruka hatua, na kwamba jicho langu siku zote lilikuwa linanijazia mapengo. Tukabaki tunakoroga chai wanawake wawili, mpaka mteja mwingine akaja kuchungulia tunachekea nini.

Halafu Mwaija akafungua leso. Akachukua kaba, akaliweka juu ya ile monita iliyopinda. Likagusa pembeni, katikati likakaa juujuu.

"Halilali," akasema.

"Kwani unashona au unapiga pasi?" shemeji akamuuliza. "Basi tununue ubao wa pasi, tuchomeke umeme."

"Mstari wangu ukiwa umenyooka hapa utaonekana umepinda. Nitaunyoosha uliokwisha kunyooka."

Shemeji alitazama ile monita yake kama mtu anayeaga ndugu stendi. Ndipo Revocatus akatoa nyingine, inchi ishirini na saba, bapa kama meza, yenye kasi ileile. Shemeji akacheza raundi moja. Akacheza ya pili. Akakohoa.

"Ukingo wa barabara nauona," akasema, na hilo ndilo lilikuwa jibu lake lote.

Revocatus akatufungia, akatuonyesha waya uliomo ndani ya boksi, akasisitiza tutumie huo na tusitumie ule wa zamani, kwa kuwa wa zamani ungerudisha kioo kwenye sitini. Akamwonyesha shemeji pia mahali pa kuchagua kasi. "Kisipowafaa, kirudisheni wiki hii hii na boksi lake. Ikipita wiki, siwezi tena."

Jioni ile shemeji alicheza, na mimi nilimwangalia Bushra. Kwenye kile kioo cha zamani magari yakipita alikuwa anageuza uso, anatafuta titi. Kwenye hiki aliyafuata. Macho yake yalikwenda na gari jekundu toka pembe mpaka pembe, polepole, mdomo wazi. Asubuhi shemeji akaondoka na lori, safari hii ya siku tatu.

Siku hiyohiyo akaja mama mmoja wa mtaa wa pili, mama Farouk.

"Shikamoo mama," tukamwamkia.

"Marahaba wanangu. Nimekuja kuona kaba la baba yangu limefika wapi."

Lile kaba kuukuu lilikuwa lake. Lilitoka kwenye kanzu ya marehemu baba yake, na alitaka Farouk, mwanawe, aoe akiwa amevaa kaba kama la babu yake, lisizidi wala lisipungue. Harusi ilikuwa Jumamosi. Kitambaa cheupe alichokileta kilitosha kanzu moja tu, hakina cha akiba.

"Kesho kutwa, mama, uje uchukue," Mwaija akasema.

Akachora. Kioo kilikuwa kizuri, hata jani dogo kabisa unaliona lina ncha. Tukabandika kaba, nikakuza, nikarudisha, hapohapo. Mwaija hadarizi kitambaa cha mtu kabla ya kujaribu kwenye kipande kibovu, na siku hiyo mazoea hayo yalimwokoa. Kipande kilipotoka tukakilaza juu ya la babu. Kaba jipya lilikuwa limezidi. Ncha ya chini ilipita karibu vidole viwili.

"Mkono wako umeteleza," akaniambia.

Tukarudia. Safari hii yeye akasogeza, mimi nikabandika. Likatoka lilelile kubwa.

Mwaija akachomeka kioo cha zamani, lakini doa lilikuwa limefika katikati, limekalia pale shingo inapoanzia. Akampigia shemeji.

"Kioo hiki kinanidanganya," akamwambia. "Kikinidanganya hiki, kazi ya mama Farouk narudisha. Sijawahi kurudisha kazi."

Simu ilikuwa imewekwa kwenye spika, nikasikia lori likinguruma, kisha likazimwa.

"Kirudishe," shemeji akasema. "Chukua chochote unachokiamini. Mimi gari la kweli ninalo hapa."

Alisema kwa upole mno, na hilo likamfanya Mwaija asite. Angefoka, nadhani lingekuwa jepesi. Hakulivuta boksi. Akampigia Revocatus.

"Kina doa?" Revocatus akauliza.

"Hakina."

"Kinazimika?"

"Hakizimiki. Kaba linatoka kubwa."

"Dada, hiyo kesi sijawahi kuletewa. Hebu nieleze taratibu."

Mwaija akamweleza. Akamwambia vile tunavyobandika kitambaa. Upande wa pili tukamsikia anamwambia mtu asubiri. "Cha zamani kilikuwa na vidoti vikubwa," akasema hatimaye. "Picha yote inatengenezwa na vidoti. Hiki vidoti vyake ni vidogo, vimebanana. Ndiyo maana unaona ncha za majani. Lakini sasa hilo la kaba, sijui. Ukijua, niambie na mimi."

Mwaija akakata simu, akainamia kioo, akatazama. Nami nikamtazama yeye. Kuna kitu nilikuwa nimekiona tangu asubuhi nikakiacha, nikidhani ni uchovu.

"Wifi," nikamwambia, "kile cha zamani ulikuwa unaegemea kiti. Hiki unakiinamia. Herufi zake si ndogo?"

Akageuka. Akaegemea kiti, akajaribu kusoma, akainama tena.

"Ndogo," akasema. "Kioo kikubwa, herufi ndogo."

Chini ya ule mchoro kuna namba, sentimita zilizoandikwa na programu yenyewe. Mwaija aliwahi kuniambia amezizoea kama mapambo, hajawahi kuzisoma. Sasa akazisoma. Akachora mstari mtupu, akauvuta mpaka namba zikasema kumi. Akachukua futi yake ya shingoni, ile ya kupimia wateja, akaibandika kwenye kioo.

Mstari ulikomea kabla ya tisa.

Tukatazamana. Akachomeka cha zamani, akachora mstari uleule pembeni ya doa, akaweka futi. Kumi kamili.

"Kumbe," akasema taratibu, akinyoosha kidole kutoka kioo hadi cherehani. "Cherehani haijui kioo. Inajua namba. Hiki kinanionyesha kaba dogo kuliko namba zake. Mimi naona dogo, nalikuza lilingane na la babu. Namba zinapanda, na cherehani inashona namba."

"Na kile cha zamani?"

"Kile kilikuwa kinalingana na futi kwa bahati yake tu. Mimi nikadhani vyote viko hivyo."

Akarudi kwenye kipya, akakuza mwonekano wa kioo tu, taratibu, namba zikibaki palepale, mpaka ule mstari wa kumi ukalala sawa na kumi ya futi. Akabandika kaba la babu, akalipunguza lile la kwenye kioo mpaka yakalingana. Nikaona anavuta pumzi kabla ya kuwasha cherehani. Kipande kilipotoka hakukitazama, alikilaza moja kwa moja juu ya kaba kuukuu, akapitisha kidole gumba ukingoni kuzunguka shingo hadi ncha ya chini. Kidole hakikukwama popote.

Ndipo akatandika kitambaa cheupe cha mama Farouk.

Mama alipokuja, kanzu ilikuwa imepigwa pasi na kutundikwa. Akatoa mkono, nikampa kaba la baba yake, akaliweka juu ya jipya, akabaki ameshika yote mawili kwa pamoja kwa muda mrefu. "Hata kale kajani kalikopinda," akasema. "Nilidhani utakanyoosha."

"Kamepinda hivyohivyo kwa babu, mama."

Alipoondoka, Mwaija akampigia Revocatus kumweleza, na Revocatus akamwomba arudie sehemu ya futi. Kisha Mwaija akakata kipande cha futi yake kuukuu, akakibandika kwa gundi kwenye fremu, chini ya kioo. Boksi akalitia uvunguni.

Shemeji akarudi jioni ya Ijumaa. Aliingia ametulia, hakutazama mezani, kama mtu aliyekwisha jipanga kutouliza. Alipokiona kioo kipo, akakisogelea, akagusa ile futi.

"Hii nini?"

"Usiitoe."

Hakuitoa. Akaoga, akala, akakaa. Bushra nikampakata nyuma ya kiti chake. Lile gari jekundu likapiga kona, likanyooka, likapita juu ya futi toka mwanzo mpaka mwisho, na macho ya mwanangu yakaenda nalo. Mwaija alikuwa anakata nyuzi za kofia. Hakuinua kichwa.

"Baba, umekwenda sentimita ngapi leo?" akamuuliza mumewe.

"Subiri kwanza," shemeji akasema. "Niko kwenye kona."