Msimvute Mguu

Usiku ule nililala na hasira. Kaka yangu Rajabu alikuwa amepigwa marungu na vibaka sokoni, na tangu hapo paja lake upande wa mbele lilikuwa linawaka moto, goti nalo linamwangusha. Mama alisema nyonga imeteguka. Asubuhi angekuja mganga wa mifupa na wanaume wake kuivuta.

Ndotoni nikamwona Mwalimu Nyanjige, aliyenifundisha fiziotherapia, tiba ya viungo, chuoni, ambaye tulikwisha kumzika. Alipiga teke mlango wa chumba cha kaka, akaingia bila salamu, akamkamata Rajabu kifundo cha mguu na kumburuta kutoka kitandani hadi kwenye meza ya mazoezi ya darasa letu.

"Anza na nyonga," aliniambia.

Nikamkunja goti, nikalizungusha paja ndani na nje. Kaka hakuumia. Nikaunyoosha mguu, nikauinua. Hapo pia hakuumia.

"Mgeuze."

Sasa tuko sokoni. Vibaka wamerudi, marungu yanashuka kiunoni mwa kaka, mfupa unalia kama kuni kavu, damu inanirukia mdomoni. Kaka amelala kifudifudi kwenye matope. Mwalimu anamkunja goti mpaka kisigino kinagusa tako, kisha analinyanyua paja lile. Rajabu anapiga yowe, anang'ata udongo. Mganga na wanaume wake wanatokea na kamba, wanavuta, na mguu unang'oka mikononi mwao.

Mwalimu ananikaba shingo.

"Umeona panapouma? Nyonga ilizunguka bila maumivu; kumkunja goti kifudifudi ndiko kunakovuta mshipa wa fahamu, nao umebanwa mgongoni. Wakimvuta, hatatembea tena. Waambie."

Niliamka nahema, kumekucha. Nikaenda kwa Rajabu, nikalizungusha paja lake taratibu. Halikumuuma. Nikamlaza kifudifudi, nikamkunja goti kidogo tu, akauma mto.

"Wapi, kaka?"

"Paja lote, upande wa mbele. Acha, Asha."

Uani Mama alikuwa anawakaribisha wageni. Nikasimama mlangoni.

"Shikamoo, mzee," nilimwambia mganga. "Naomba msimguse."

"Mwanangu, unanitia aibu," Mama alisema.

"Nyonga yake ni nzima, Mama. Nimempima sasa hivi. Tatizo liko mgongoni, na wakimvuta watammaliza."

Mganga alimtazama Mama. Mama akajifunga kanga yake upya.

"Tafuta gari," akaniambia. "Twende hospitali."