Mbuzi wa Mahari

Nyumba za kijiji chetu zilipangwa kwa kamba. Bwana shamba alishika mwisho mmoja, mwenyekiti akashika mwisho mwingine, na ilipopita kamba ndipo ulipojenga, upende usipende. Sisi ni Wahangaza, wazazi wangu walitoka Ngara wakaja Biharamulo kutafuta ardhi. Kamba ile ikatuweka katikati: kulia Wazinza, kushoto Msukuma mwenye ng'ombe wengi, na ng'ambo ya barabara familia ya Warundi waliokimbia kwao. Mama alinung'unika mwezi mzima. Alizoea mlimani, ambako jirani ni mtu wa kumsikia tu akikohoa kwa mbali.

Halafu akazoea, na alipozoea ndio basi tena. Wale Wazinza walikuwa Waislamu, na mama wa nyumba ile na mama yangu walipeana moto, chumvi na umbea kila siku ya Mungu. Mtoto wao wa kwanza na kaka yangu walikuwa marafiki damdam. Ukimtafuta mmoja, unamkuta kwa mwenzake, tena anakula.

Kijijini tulikuwa na desturi moja ambayo hakuna mkutano ulioipitisha. Mnyama wa watu wote, awe wa harusi, wa msiba au hata wa Krismasi yetu sisi Wakatoliki, alichinjwa na mzee mmoja wa Kiislamu aliyekaa nyumba ya mwisho. Aliitwa, akanawa, akachinja, akarudi kwake. Hivyo hakuna aliyekaa karamuni akitazama wenzake wakila. Siku hizi naona watu wanaandaa semina kujifunza mambo ya namna hii, na wanapewa soda. Sisi tulikuwa nayo bure na hatukuijua thamani yake.

Vita vya Kagera vilipoanza, mgambo wa kijiji wakaandikishwa. Katika mstari wetu walitoka wawili, kaka yangu na rafiki yake. Siku ya kuwaaga, Msukuma akatoa dume la ng'ombe bila kuombwa. Tatizo likawa mzee wa kuchinja. Alikuwa kitandani, malaria imemwangusha, na lori la kuwachukua vijana lilisemekana litafika wakati wowote.

Kaka yangu alikuwa kijana wa chama, hotuba zilimkaa kichwani kuliko chakula tumboni. Akakunja mikono ya shati, akachukua kisu. "Leo hakuna dini," akasema, "leo ni taifa." Akachinja mwenyewe. Mimi nilikuwa pale, msichana wa miaka kumi na mitano, namenya ndizi, na nilipiga makofi. Naona aibu hadi leo. Pembeni yangu mama wa Kizinza naye alikuwa anamenya. Aliona kila kitu. Aliendelea kumenya ndizi ambazo mwanawe asingezila.

Mama yangu alikuwa mtoni wakati huo, hakuona. Alijua mchana, chakula kilipopakuliwa, ndizi na nyama vimepikwa pamoja. Rafiki wa kaka aliketi mkekani na wenzake, akakunja mikono. Mama akamsogezea sahani.

"Ahsante mama, nimeshiba. Nimekula nyumbani."

Mama akageuka akatazama nyumba yao. Hapakuwa na moshi pale tangu asubuhi, maana mpishi wake alikuwa kwetu. Akamvuta kaka kando, nami nikasogea kusikia, sikosi mahali.

"Nani kachinja?"

"Mimi, mama. Lori lingetukuta hatujala. Sote ni ndugu, sote sawa."

"Kama sote ni sawa, mbona mmoja ana njaa?"

Kiswahili cha mama kilikuwa cha sokoni, cha kuuliza bei na kusalimia. Siku hiyo kilimtosha. Kaka alisimama kama aliyemwagiwa maji. Alitazama mkekani, akamwona rafiki yake anacheka na watu, mikono bado imekunjwa. Kijana anakwenda vitani na hajatia kitu mdomoni, na anadanganya ili asituharibie karamu.

Kaka akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na mbuzi kwa kamba. Nilishtuka, kwa sababu yule alikuwa mbuzi wa mahari yake. Posa ilishapokelewa, na msichana mwenyewe alikuwa pale pale anagawa maji ya kunawa. Alimwona mbuzi akipita. Kaka hakumtazama mtu, alishika njia hadi nyumba ya mwisho.

Mzee akatolewa ndani amejifunga blanketi, amekamatwa mikono huku na huku. Akanawa. Akachinja. Tukawasha moto mwingine, tukabanika maini na mbavu, mimi nikimwomba Mungu lori likwame tope. Halikukwama. Honi ilisikika nyama haijaiva sawasawa. Mwenyekiti akaenda kumbembeleza dereva, na dereva alivyosikia harufu akashuka na yeye akala.

Kaka hakuonja ng'ombe aliyemchinja mwenyewe. Alikula mbuzi, sahani moja na rafiki yake, wananyang'anyana mbavu kama watoto. Hapo ndipo mama wa Kizinza alipolia. Kisha wakapanda lori, likaondoka na njia ya Biharamulo mjini.

Alirudi mmoja.

Rafiki wa kaka alipofika na begi lake begani, aliupita mlango wa kwao akaja kwetu. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Akakaa mkekani, begi hakulitua. Mama alimtazama, akajua. Hakupiga kelele. Alitoka nje, akakamata jogoo, akanikabidhi.

"Peleka kwa mzee. Kwanza ale."

Alikula huku machozi yanamdondokea sahanini, na mama amekaa mbele yake hadi alipomaliza. Ndipo akamwambia, "Sasa sema."

Tangu siku ile hadi mama anafariki, hakuna kuku aliyechinjwa nyumbani kwetu. Walipelekwa kwa mzee, na mzee alipokufa, kwa mwanawe. Krismasi moja mvua ilikuwa kubwa, nami nimeshakuwa mtu mzima mwenye watoto, uvivu umenishika. Nikamfokea, "Mama, humu ndani tuko Wakatoliki watupu. Kuku huyu anapelekwa kwa ajili ya nani?"

Alikuwa anamfunga miguu, hakuinua hata kichwa.

"Na mwanangu akipita, ana njaa?"

Nikamchukua kuku, nikaenda nikilowa.