Viti Alivyovishusha Fundi

Fundi wa uwanja wa baiskeli hakutumia tepu ya kupimia. Alikusimamisha, akaweka kiganja chenye grisi nyongani mwako, kisha akapandisha kiti mpaka hapo. "Nyonga haidanganyi," alisema, na akina mama wakanung'unikia madoa. Mshonaji mmoja wa mtaani alijifunzia hapo kuendesha utotoni, fundi akimkimbilia nyuma ameshika kiti. Aliposikia halmashauri inakuja kuufunga uwanja kwa kukosa waendeshaji, aliwaita wenzake wa zamani, naye fundi akashinda siku nzima akiwaandalia baiskeli. Asubuhi mshonaji alipanda yake, magoti yakamfika kidevuni.

"Fundi! Kiti cha nani hiki?"

"Chako, mwanangu."

"Mwanao ana watoto wanne!"

Fundi alimtazama juu mpaka chini, kama aliyeamshwa usingizini. Viti vyote alikuwa ameviweka kwa vimo vya watoto aliowakumbuka. Akashika spana, lakini afisa wa halmashauri alikuwa ameshashuka garini na mnyororo wa kufungia lango.

"Acha, fundi," mshonaji akasema. "Tutaenda hivyohivyo."

Wakazunguka, watu wazima magoti masikioni, wakiitana majina ya utotoni. "Pisha, Kibogoyo!" "Pisha wewe, Miguu ya Panzi!" Watoto wa mtaani wakaja mbio kuwacheka, kisha wakadai zamu. Afisa alicheka mpaka akafuta machozi. "Sasa nifunge uwanja gani, huu uliojaa?" akasema, akaurudisha mnyororo garini.

Mshonaji hakumsikia. Alisikia ndara za fundi zikimkimbilia nyuma, na sauti ileile: "Nimekushika, tazama mbele." Akatazama mbele, ingawa alijua, kama alivyojua zamani, kwamba mkono ulikuwa umeshaachia.