Samadi ya Mlangoni

Tulipohamishiwa kijijini, upande wa Kemambo, nyumba zilipangwa mstari mmoja kando ya barabara, na kila mji, yaani kila familia, ukaambiwa ujenge zizi nyuma ya nyumba. Mashamba yakabaki kule kule mahameni tulikohama, mwendo wa saa nzima. Zamani zizi lilikuwa linahama: baada ya misimu miwili unaling'oa, unalisogeza, na pale lilipokuwa unapanda ulezi. Kijijini hapakuwa na pa kulisogezea. Mwenyekiti aliupima mstari kwa kamba, akaupenda kuliko watoto wake.

Masika ya pili samadi ilifika kwenye vifundo vya miguu. Nzi wakajaa. Binti yangu, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, akaanza kuumwa macho. Mganga wa zahanati akanipa dawa ya kupaka. Macho yakapona, yakaugua tena. Mara ya tatu akanigombeza kwamba simnawishi mtoto. Nilikuwa namnawisha mpaka mtungi unakauka. Mwaka huohuo ulezi ulitoka mwembamba, bwana shamba akatuita wavivu, akaahidi mbolea ya chumvichumvi. Mwenyekiti naye akatangaza faini kwa wachafu. Kila mmoja alishika kipande chake na dawa ya kipande chake, na wote watatu waliniudhi.

Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini ni mimi niliyekuwa nabeba maji, mtoto na mavuno, kwa hiyo niliiona njia yote. Kinyesi kilichokuwa kinamla mwanangu macho mlangoni ndicho kilichokuwa kinakosekana shambani. Hayakuwa matatizo matatu. Lilikuwa moja, na lilianzia kwenye ile kamba.

Nikasimama mkutanoni.

"Shikamoo mwenyekiti," nikaanza kwa adabu. "Naomba mazizi yarudi mashambani. Sisi watu tutalala hapa hapa kwenye mstari."

Hakunijibu mimi. Alimgeukia mume wangu, akamwita kijana kwa kikwetu. "Mura, mama huyu anakushinda? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Nikamwambia guu langu zima, jicho la mwanangu ndilo linaloharibika. Watu wakacheka. Nilikasirika.

Kwetu mwanamke hagusi nguzo za zizi. Hizo ni za mwenye mji. Mwenye mji wangu alikuwa anaogopa. Kesho yake, mchana kweupe, nikazing'oa mwenyewe, nikazifunga mafungu, nikapita nazo kichwani mbele ya nyumba ya mwenyekiti kwenda shambani, safari baada ya safari. Ya tatu, mume wangu akanifuata nyuma na ng'ombe, maana ng'ombe wasio na zizi hawana pa kulala. Mgambo alipokuja kuniamuru nizirudishe, nikamwambia mzigo ule pale, arudishe yeye. Aliutazama, akaenda zake.

Nzi walipungua mlangoni kwetu. Jicho la kulia la binti yangu likapona kabisa. La kushoto tulikuwa tumechelewa. Liliingia ukungu mweupe na halijaona tena mpaka leo.

Msimu wa pili ulezi wangu ulisimama vizuri, na mwenyekiti akaja nyumbani akitabasamu.

"Mama, wakubwa wa wilaya wanakuja kukagua. Nimewaambia kijiji chetu kina shamba la mfano."

"Walete," nikamwambia. Nikampakata binti yangu, nikamgeuza uso ili mwenyekiti aone upande wa kushoto. "Lakini ukaguzi wauanzie hapa."