Nusu Milimita Juu ya Fizi

Kabla ya kuwa fundi wa meno alikuwa mshonaji, na mkono wake ulikuwa mwepesi kwa kila chenye makali. Maabara iliyomwajiri ilikuwa chumba kirefu nyuma ya duka la miwani. Humo walitengeneza vifuniko vya plastiki vinavyong'aa kama kioo, vya kuvalishwa meno yaliyopinda mpaka yanyooke. Plastiki ilipashwa moto, ikavutwa juu ya mfano wa meno ya mgonjwa, kisha ikakatwa kwa mkasi kufuata fizi. Miaka sita mkasi huo ulikuwa wake. Wenzake walimbandika jina la Bi Unywele, kwa kuwa kila ukimuuliza kazi imefika wapi, alijibu, "Imebaki unywele mmoja."

Ikaja mashine ya kukata inayoongozwa na kompyuta. Bosi akampeleka yeye mafunzoni, na aliporudi akawa peke yake anayeijua. Mwaka mzima mambo yalikwenda sawia, mpaka walioiuza walipobadilisha programu yake.

"Iwe tayari kabla ya saa sita," bosi alisema. "Madaktari wananipigia simu kama wana kesi na mimi."

Bi Unywele akafungua daftari lake, akaanza kujaza namba kwenye skrini: mwendo wa kisu, umbali kutoka kwenye fizi, ukubwa wa kisu chenyewe. Kisu kilikuwa kijiti cha chuma kinachozunguka, upana wake milimita moja. Programu ya zamani ilitaka upana mzima. Hii mpya ilitaka nusu yake, na ilisema hivyo kwa herufi ndogo za kijivu. Yeye akaandika moja, kama alivyozoea. Basi kompyuta ikaamini kisu ni kinene kuliko kilivyo, ikakisogeza nje ya mstari, na kila kifuniko kikabaki na ukingo uliozidi nusu milimita. Cha kwanza alikijaribu juu ya mfano. Kwa bahati mbaya, daktari aliyekiagiza alitaka ukingo upite juu kabisa ya fizi, kwa hiyo kilichozidi hakikuonekana.

"Safi," alijisemea.

Wiki ya pili akaja mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mkono shavuni. "Siwezi kufundisha," alilalamika. "Kifuniko kimenichubua fizi. Nikitamka neno refu naona nyota."

Bosi alikigeuza kifuniko chake, akapitisha kidole ukingoni. "Hii kazi ya Msasa."

Msasa alikuwa mzee wa kusugua kingo. Ndiye aliyempokea Bi Unywele siku ya kwanza, akamwonyesha jinsi ya kushika mkasi ule mdogo uliojikunja ncha. Bosi alimkabili mbele ya watu wote. "Mzee, macho yamechoka. Nenda nyumbani."

Msasa alivua aproni, akaikunja mara nne. "Mimi nasugua ninacholetewa," alisema. "Sikati." Akaondoka.

Maneno hayo yalimkaa Bi Unywele kichwani. Wenzake walipokwenda kula, alikipima kifuniko cha mwalimu. Nusu milimita. Akapima kingine, na kingine. Nusu milimita. Alifungua programu, akasogeza uso karibu na zile herufi za kijivu, akazisoma: nusu ya upana. Kuisahihisha namba hakukuchukua hata dakika. Vifuniko vikaanza kutoka sawa, naye akanyamaza kama maji ya mtungini.

Nyumbani alimweleza mumewe.

"Si umesharekebisha?" mume alisema. "Sasa unataka kujichimbia kaburi? Fikiria watoto."

"Na mzee je?"

"Mzee ni wa kustaafu tu, mke wangu."

Alimpenda mumewe, lakini usiku huo alimgeuzia mgongo.

Siku ya nne ikaja simu: kidonda cha mwalimu kilikuwa kimetunga usaha, na daktari wake alitaka maelezo kwa maandishi. Bosi akamwita Bi Unywele. "Wewe mwandiko wako mzuri. Andika kwamba msuguaji alizembea na tumeshamwachisha."

Alikaa, akaandika tarehe, akaandika salamu. Kalamu ikagoma.

"Bosi, huyu mzee hana kosa. Kosa ni langu." Akamweleza yote, kuanzia zile herufi za kijivu hadi ile nusu milimita.

Bosi aliivuta ile karatasi. "Vimetoka vingapi?"

"Mia moja na kumi na tatu."

"Na umejua tangu lini?"

"Tangu siku ile mzee alipoondoka."

"Namba ningeimeza," bosi alisema polepole. "Hizi siku nne ndizo siwezi kuzimeza."

Hakumfukuza, maana hapakuwa na mwingine wa kuiendesha mashine. Bi Unywele alipiga simu kliniki moja baada ya nyingine, akaomba vifuniko virudishwe. Wengine walimtukana. Wengine walisema tu, "Sawa," na hao ndio waliomuumiza zaidi.

Jumamosi alikwenda kwa Msasa. Alimkuta uani anagonga mguu wa kiti kilicholegea.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kukuomba radhi. Bosi anasema urudi."

"Marahaba. Bosi naye ana miguu." Akagonga msumari mpaka ukazama. "Kukosea, hata mimi nimeharibu meno ya watu enzi zangu. Ungesema siku ile ile, tungecheka. Lakini uliniangalia nikikunja aproni."

"Nilikuwa sijajua bado, mzee."

"Na kesho yake?"

Msasa alimletea maji ya kunywa, Bi Unywele akayanywa yote amesimama. Mzee hakumsindikiza.

Msasa hakurudi kazini. Mwezi uliofuata alipata nafasi kwenye maabara nyingine, ng'ambo ya barabara. Asubuhi nyingine Bi Unywele humwona akifungua mlango wa kule, naye humpungia mkono. Msasa huitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama mtu anavyomwitikia jirani asiyemjua vizuri.