Mshonaji wa Kebirigo na Karata Yake ya Asubuhi

Jumatatu asubuhi, kabla sijamaliza chai, nilipigiwa simu nikaambiwa kwamba yule mama mshonaji wa Kebirigo ametutoka. Alilala salama Jumapili, na hakuamka. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba safu hii haina haraka ya kulia. Mtu aliyeishi vizuri huagwa kwa shukrani, na huyu namuaga nikitabasamu, maana kila nilipojaribu wiki hii kumkumbuka kwa huzuni nimejikuta nikicheka peke yangu, hata watu wa nyumbani wakaniuliza kuna nini.

Alikuja kwetu kutoka upande wa ziwani akifuata kazi ya mumewe, na mume alipofariki yeye akabaki. Ekegusii, lugha yetu, aliijua ya sokoni tu, ya kusalimiana na kupunguziwa bei ya ndizi. Mengine yote aliyasema kwa Kiswahili, polepole, na kwa mzaha ambao mtu aliugundua akishafika nyumbani. Alishona sare za shule katika chumba kimoja kinachotazama barabara. Kanisani kwetu alikuwa shemasi, na kwa miaka mingi ndiye aliyeoka mkate usiotiwa chachu wa Meza ya Bwana. Mikono yake ilikuwa imezoea vipimo, kwa hiyo mkate ule haukuwahi kuungua wala kuwa mgumu.

Siku moja nilipeleka koti langu litiwe kitambaa kipya kwa ndani, nikafika mapema mno. Nilimkuta ameketi mbele ya cherehani, Biblia imefunguliwa upande mmoja, daftari la shule upande mwingine, na katikati karata moja yenye picha ya mzee aliyeshika taa. Nilijua ni karata gani, kwa sababu nimewahi kuona watu wakizitumia kupigia ramli mijini. Mimi ni mzee wa kanisa. Nikamuuliza, kwa sauti ya mahubiri kidogo, kama anatafuta kuijua kesho.

“Mzee, hizi haziijui hata mvua ya leo saa nane,” akasema. “Zingekuwa zinajua, ningekuwa naanua nguo mapema.”

Kisha akanieleza. Binti yake alimletea pakiti ile kutoka Nairobi. Kila asubuhi, baada ya kusoma neno na kuomba, alichomoa karata moja bila kuchagua, akaitazama picha, akajiuliza swali moja juu ya nafsi yake, akaandika mistari miwili. Siku ile, kwa ajili ya mzee mwenye taa, alikuwa ameandika: jana nilimmulikia nani njia, na nani nilimwacha gizani? Nyota pia alizisoma katika vipande vya gazeti alivyofungiwa vifungo vya nguo dukani. Yeye alikuwa Mizani, na akaniambia kwamba juma lile Mizani waliahidiwa safari ndefu yenye neema, naye kweli alisafiri hadi Keroka kununua zipu. Kama nyota zilisema atagombana, alijiuliza ni nani angekuwa na sababu ya kugombana naye, na mara nyingi, akasema, jina lilikuja haraka kuliko alivyopenda.

Niliondoka nikiwa na koti langu na amani moyoni. Sikukubali kila kitu. Maandiko yanakataza uaguzi, nami sijabadilika kwa hilo hadi leo. Lakini nilikuwa nimeona kwa macho yangu kwamba mama yule haagui. Alijikagua kama anavyokagua mshono, akiugeuza upande wa ndani. Hayo niliyajua, nikayaweka moyoni, na humo ndimo yalimokaa.

Miezi ikapita. Jirani yake, mama muuza ndizi, alikwenda asubuhi moja kuchukua sweta ya mtoto akaona mezani karata yenye mifupa iliyopanda farasi. Hakuuliza. Juma lile lile ng'ombe wake akafa, na kabla ya Ijumaa habari ilikuwa imeshuka hadi Nyamira mjini na kupanda tena ikiwa imenenepa: yule mgeni ana picha ya mauti, humwekea mtu mezani, na mtu au mnyama huondoka. Wengine wakamwita omoragori, yaani mpiga ramli. Wengine walitumia neno baya zaidi, la uchawi, na mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa neno hilo linaweza kumfanyia nini mwanamke mjane anayeishi peke yake. Wazazi wakaanza kupeleka sare zao Mosocho. Asubuhi moja alikuta mlango wake umepakwa majivu. Baraza la kanisa likaitwa, Meza ya Bwana ikiwa imebaki siku chache, kuamua kama mikono ile iendelee kuoka mkate. Na sisi sote tulijua kwamba kanisa likimtoa, kijiji kitamaliza kazi.

Nami, wapendwa, nilinyamaza. Kwa majuma mawili nilipita mbele ya duka lake upande wa pili wa barabara. Nilijiambia kwamba mzee wa kanisa hapaswi kutangulia baraza. Ukweli ni kwamba niliogopa kuulizwa niliyaonaje yale na kwa nini sikusema.

Kwenye baraza alikuja na kila kitu ndani ya mfuko wa kitambaa. Pakiti ilipowekwa mezani, mzee mwenzangu mmoja alivuta kiti chake nyuma kana kwamba ameona nyoka. Muuza ndizi akaitwa, akasimulia habari ya ng'ombe huku analia. Hapo nikasimama, nikasema kwamba mimi nimeyaona haya tangu zamani, na kwamba naomba mwenyekiti alisome daftari la mama kwa sauti, kuanzia siku ile ya mifupa.

Mwenyekiti akavaa miwani. Ukurasa ulisema: leo ni karata ya mwisho wa mambo, ni kitu gani ndani yangu kinapaswa kufa? Chini yake: kinyongo changu kwa jirani, nimemsema vibaya kwa sababu ya kuku wake, niende nimwombe msamaha kabla ya jua kuzama. Chini yake zaidi kulikuwa na aya ya Waefeso.

Muuza ndizi akaacha kulia. Akamgeukia mshonaji.

“Kumbe ndiyo sababu ulikuja jioni ile na sukari?”

“Ndiyo, mama.”

“Mimi nilidhani umekuja kuchunguza boma langu.” Akajifuta uso kwa leso, kisha akasema, “Basi chomoa nyingine. Bado hujaomba msamaha kwa yale maneno ya harusini.”

Nani angeweza kujizuia? Hata yule mzee aliyevuta kiti alicheka hadi akakohoa. Daktari wa mifugo, tukaja kuambiwa baadaye, alikuwa amesema tangu mwanzo kwamba ng'ombe yule alikula mbolea iliyoachwa wazi. Baraza lilimwomba mama asiweke picha zile mahali wateja watakapoziona na kuogopa, akakubali bila ubishi. Mkate aliuoka. Siku ya Meza ya Bwana, kabla ya mkate, huwa tunaoshana miguu, wanawake upande wao na wanaume upande wetu. Niliambiwa kwamba muuza ndizi ndiye aliyetangulia kunyanyua beseni, akaenda moja kwa moja hadi alipoketi mshonaji, na kwamba walikawia kuliko wote kwa sababu walikuwa wanazungumza.

Nilipomsubiri nje kumwomba radhi, hakunipa nafasi ya kuhubiri. “Mzee, umechelewa,” akasema, “lakini umefika.”

Mimi sijashika karata, wala sitashika. Lakini tangu siku ile, nikimaliza kuomba asubuhi, najiuliza swali moja na kuandika mistari miwili, na hilo deni la shukrani namwekea yeye baada ya Mungu. Leo naona vijana wetu wakisoma nyota zao kwenye simu. Nawauliza tu kile nilichojifunza kwake kuuliza: imekuonyesha nini juu yako mwenyewe? Wengine hucheka, wengine huondoka wakifikiri.

Alhamisi tutamzika, na watu wengi watasimama kumsifu, mimi nikiwa mmojawapo. Sifa hizo zitakuwa za kweli na nitazifurahia. Ila yeye hazimsaidii tena. Siku aliyozihitaji ni ile mlango wake ulipopakwa majivu, nami nilikuwa napita upande wa pili wa barabara nikiwa nazo zote mfukoni. Mema unayoyajua juu ya jirani yako, msomaji wangu, yaseme wakati bado yanaweza kumlinda.